Nafasi ya Neno: Kutoka Ubetini hadi Kiwamboni

Kila ndege huruka kwa ubawa wake, na shairi la Kiswahili huruka kwa mbawa mbili: ukwapi na utao. Mwandishi anayevichanganya vipande hivi humvunja ndege huyo bawa, hata kama hakuacha neno hata moja. Jambo hili lilimdhihirikia kijana mmoja wa Kizingitini aliyekuwa akisomea Kiswahili na sayansi ya tarakilishi. Babu yake, mvuvi na mshairi, alikuwa na tungo nyingi zilizohifadhiwa kifuani tu. Kijana aliziandika kwa imla, kisha akaunda programu ndogo kwa lugha ya C ili izionyeshe katika kiwambo cha maandishi matupu.

Kiwambo cha aina hiyo ni mfano wa daftari la miraba, na kila mraba hubeba herufi moja. Mtambo wa VT100, uliotolewa na kampuni ya Digital mwaka 1978, ulikuwa na mistari 24 yenye nafasi 80 kila mmoja, na desturi ya nafasi 80 ingalipo. Kishale, yaani alama inayomemeteka, huonyesha mahali herufi ijayo itakapoketi. Nacho huongozwa na misimbo isiyoonekana: 10 hukishusha mstari unaofuata, 13 hukirejesha mwanzo wa mstari, kama lilivyorejeshwa gari la taipureta, 9 hukirusha hadi kituo kilicho mbele, na vituo hivyo kwa kawaida hupangwa kila baada ya nafasi 8.

Kipande kina mizani 8, na kituo kina nafasi 8. Kijana akadhani hesabu hizo ni ndugu, akautenga ukwapi na utao kwa msimbo wa 9. Matokeo yakawa vurugu. Chukua vipande viwili: “Aliuona upeo” na “Vyombo vyetu vyenda mbele”. Vyote vina mizani 8. Hata hivyo, cha kwanza hujaza nafasi 12, na cha pili nafasi 25. Utao wa kwanza ukaanzia nafasi ya 17, wa pili nafasi ya 33. Likizoni, babu alipowekewa kiwambo mbele yake, alisoma akijikwaa, asijue pa kuvuta pumzi, akauliza tungo hizo ni za nani.

Swali hilo lilikuwa zito kuliko lawama. Maneno yote yalikuwa yake, ila mwenyewe hakuyatambua. Chanzo ni kwamba mizani huhesabiwa kwa sikio, silabi baada ya silabi, ilhali tarakilishi huhesabu herufi na haina sikio. Dawa ilikuwa kukiamuru kishale waziwazi: msimbo wa 27, mabano ya mraba yanayofungua, nambari ya mstari, nukta-mkato, nambari ya nafasi, kisha herufi H. Kwa 5 na 31, kishale huenda moja kwa moja mstari wa tano, nafasi ya thelathini na moja. Kila utao ukaanzia hapo, na ukingo wa ukwapi ukabaki mweupe, mahali pa kupumua.

Elimu hii si ngeni visiwani. Katika kisiwa hicho hicho cha Pate ndiko ulikotungwa Utendi wa Tambuka mwaka 1728. Wanakili wa hati za Kiarabu, waliotoka kulia kwenda kushoto, walivitenga vipande kwa alama ili msomaji asipotee. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mnakili wa miswada na pia mchongaji wa mbao. Aliujua uzito wa nafasi katika karatasi na katika mti. Tena hati ya Kiarabu humruhusu mnakili kuunyoosha mkono wa herufi hadi ujaze pengo. Mraba wa kiwambo haunyooki. Pengo lake sharti lipimwe kwa akili ya mtu.

Babu aliposomeshwa tena, hakusoma, alighani.

Leo tungo za wazee zinaingizwa katika mitambo kwa wingi, na wengi huridhika maneno yakitimia. Haitoshi. Anayehifadhi maneno bila nafasi zake amehifadhi kuni za jahazi, wala si jahazi. Mwanafunzi wa Kiswahili asimwachie fundi wa mitambo kazi hii peke yake, kwani fundi anajua kishale kiende wapi, lakini mjuzi wa ushairi ndiye ajuaye kwa nini.