Haikukuwa kosa la bibi yangu

Miaka 5 bibi yangu alibeba peke yake mzigo usio wake. Tulioana hapa Kolwezi mwaka 2014. Mtoto hakuja. Mama yangu akasema: «Huyu hazale, tafuta mwingine.» Mimi nikanyamaza. Bibi akapimwa, akakunywa dawa na mizizi, akalia usiku. Mimi mwanaume wa kazi ya mugodi, mwenye nguvu, nani angenipima?

Siku moja munganga akaniambia: «Papa, na weye tutakupima.» Nilisikia haya sana. Akakuta mishipa ya damu imevimba juu ya pumbu la kushoto. Ugonjwa huo unaitwa varikosele. Damu haipande vizuri, inabaki pale na kuleta joto, na joto linaharibu mbegu. Kushoto ndiko hupatwa zaidi, kwa sababu mshipa wa huko unaingia katika mshipa wa figo, na ule mara ingine hubanwa ndani ya tumbo na mishipa mikubwa.

Walinipasua, wakafunga mishipa ile. Munganga alisema wazi: mbegu mpya inakomaa karibu miezi 3, na si wote wanaopata mtoto.

Mbele ya kujua kama tutapata, nilimwita mama, nikasema: «Mama, ugonjwa ulikuwa kwangu.» Kisha nikamwomba bibi msamaha mbele yake. Binti yetu alizaliwa mwaka 2020.

Vijana, mtoto akikawia, muende bawili kwa munganga.