Shajara ya Koili ya Pete, Mbita

Jumatatu, 2 Septemba 2024

Giza la mwezi limeingia na wavuvi wa omena wanataka taa zao. Benchi limejaa betri na chaja za sola, nyingine zimevuka daraja kutoka Rusinga. Nimefungua chaja moja: transista imeungua, na kando yake ipo koili ya pete, waya wa shaba umezungushwa kwenye feraiti hadi tundu la katikati linakaribia kuziba. Kijana ninayemfunza kazi akauliza, "Fundi, sumaku ya humu ndani ni sawa kila mahali?" Vitabu vya shule huishia kwenye nusukipenyo cha wastani. Swali hili linastahili jibu kamili.

Jumatano, 4 Septemba

Nimemfafanulia kwa kanuni ya Mfaransa André-Marie Ampère. Chora duara ndani ya pete, kitovu chake kikiwa katikati ya tundu. Zidisha nguvu ya uga wa sumaku kwa urefu wa duara hilo, nawe utapata kiasi kinacholingana na jumla ya umeme uliozingirwa. Kila mzunguko wa waya hupita tunduni mara moja. Kwa hiyo duara linalopita karibu na tundu na lile linalopita karibu na ukingo wa nje yanazingira umeme uleule. Jumla haibadiliki, ila duara kubwa lina njia ndefu zaidi, basi uga wake ni hafifu. Nusukipenyo kikiwa maradufu, uga hubaki nusu.

Jumamosi, 7 Septemba

Leo tumepima. Tumetengeneza pete ya kadibodi yenye uwazi ndani, nusukipenyo cha ndani sentimita 3, cha nje sentimita 6. Tumezungusha waya mara 200 na kupunguza umeme wa betri kwa rezista hadi ampea 2. Kwa hesabu, uga ni militesla 2.7 kwenye ukingo wa ndani, 2 kwenye sentimita 4, 1.6 kwenye sentimita 5, na 1.3 kwenye ukingo wa nje. Tukapenyeza kihisi cha Hall, kidogo kama punje ya mahindi, kinachotoa milivolti 14 kwa kila militesla. Kwenye sentimita 4 mita ilipanda kwa milivolti 28 hivi, na ilishuka kila tulipokisogeza nje. Kijana akazidisha uga kwa umbali, kila mahali akapata karibu 8. Furaha yake ilikuwa kubwa, na yangu pia.

Jumapili, 8 Septemba

Tunduni kanuni inasema hakuna uga, maana duara la hapo halizingiri waya wowote. Tukaisimamisha pete ikitazama mashariki, tukaweka dira ndogo tunduni. Tulipowasha umeme, sindano ikageuka karibu nusu ya pembe mraba! Sababu ni kwamba waya unaposonga kuizunguka pete, unafanya pia duara moja kubwa, na duara hilo lina uga wake, unaokaribia nguvu ya sumaku ya dunia hapa ikweta. Tukaurudisha mwisho wa waya kuizunguka pete kinyumenyume hadi ulipoanzia. Sindano ikatulia kaskazini.

Jumanne, 10 Septemba

Nimerudi kwenye chaja. Feraiti hukuza uga mara mamia au maelfu, lakini kabla haijashiba mgawanyo ni uleule: ukingo wa ndani ndio wenye uga mkubwa. Kwenye pete yetu ulizidi ule wa nusukipenyo cha wastani kwa asilimia 50. Feraiti nyingi hushiba kati ya tesla 0.3 na 0.5, na ukingo wa ndani hutangulia. Pete ikishiba, koili haizuii tena umeme kupanda ghafla, na transista huungua. Pete nyembamba, yenye sentimita 5.5 ndani na 6 nje, hutofautiana kwa asilimia 9 tu, na hapo wastani unatosha. Kwa pete nene, fundi apige hesabu kwa nusukipenyo cha ndani.