Kutoka Malaba Hadi Port Bell: Shehena na Moshi Wake

Malaba ni mji mdogo wenye kazi kubwa. Umekaa mpakani mwa Uganda na Kenya, kando ya mto uitwao kwa jina hilohilo, na kutoka hapo Mwamba wa Tororo huonekana umesimama peke yake katika nchi tambarare, mfano wa mlinzi aliye zamu. Watu wa ng'ambo zote mbili ni jamaa. Waiteso wa huku huoa kwa Waiteso wa kule, na misiba yao ni mmoja. Lakini mgeni afikapo Malaba hatazami mwamba wala mto. Hutazama malori.

Malori hayo yametoka Mombasa, mwendo wa kilomita zaidi ya 900, na mbele yao ipo Kampala. Mengine huendelea hata Kigali, Juba na mashariki ya Kongo. Yamebeba ngano, chumvi, dizeli, mabati, dawa na vipuri. Lugha inayosikika kati ya magurudumu ni Kiswahili, kwa kuwa dereva Mkenya, karani Mganda na utingo Mnyarwanda hawana nyingine ya kuelewana upesi. Askari aliyewahi kutumikia mbali na kambi hahitaji kuelezwa maana ya njia hii. Anajua kwamba unga, dawa na mafuta havifiki kwa kupigiwa mbinja.

Hata hivyo, pamoja na shehena husafiri kitu kingine kisichoandikwa katika hati yoyote ya forodha, nacho ni moshi. Tuchukue lori moja lenye tani 28. Kutoka Mombasa hadi Kampala ni kama kilomita 1,170. Tukikadiria kwamba hula lita 40 za dizeli kwa kila kilomita 100, safari nzima itahitaji lita 468. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kama kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Msomaji asishangae kwamba hewa hiyo yazidi mafuta yenyewe kwa uzito. Kaboni iliyomo katika dizeli huungana na oksijeni ya angani, na uzito wa oksijeni nao huingia katika hesabu. Basi lori hilo moja huacha nyuma yake zaidi ya kilo 1,200 za hewa inayozidisha joto la dunia, nalo lingali halijarudi Mombasa.

Katika kurudi ndipo hasara nyingine ilipo. Uganda huagiza mizigo mingi kuliko inavyopeleka nje. Kahawa na chai hazitoshi kujaza makasha yote yaliyokuja yamejaa, kwa hiyo mengi hurejea pwani matupu. Mafuta huchomwa kubebea upepo.

Hasara ya tatu ni kungoja. Injini ya lori lililosimama bila kuzimwa hula kama lita tatu kwa saa. Saa kumi mpakani ni lita 30, sawa na kilo 80 za hewa ya ukaa, bila shehena kusogea hata hatua moja. Kwa ajili hiyo mabadiliko ya forodha yana faida kuliko yanavyodhaniwa. Tangu mwaka 2014, kwa utaratibu wa himaya moja ya forodha ya Afrika ya Mashariki, ushuru wa Uganda huweza kulipwa mzigo ungali Mombasa. Tena maofisa wa nchi mbili wamewekwa mahali pamoja, ili dereva akaguliwe mara moja tu. Yaliyotokea mwaka 2020 yalionyesha hatari ya kinyume chake: madereva walipongoja majibu ya vipimo vya Korona, foleni ilienea kilomita nyingi, na bei za vitu zikahisi uzito wake.

Lakini haki inatudai tuseme neno la upande wa pili. Foleni ambayo kwa mwenye mali ni hasara, kwa mama auzaye chai, maandazi na ugali kando ya barabara ni shamba lake. Malori yakipita bila kusimama, yeye atauza kwa nani? Swali hilo halijibiwi kwa hesabu ya lita. Mji uliojengwa juu ya kungoja hauna budi kutafutiwa kazi nyingine, kama vile maghala, karakana na masoko ya mazao ya Tororo na Busia, kabla ya foleni kwisha, wala si baada yake. Wenye kupanga njia wasipowakumbuka wenye kuishi njiani, watapingwa, na kwa sababu njema.

Tuondoke sasa barabarani tufuate njia ya wazee. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani Kisumu mwaka 1901, na kwa miaka mingi mizigo ya Uganda ilivushwa kwa meli. Reli ya nchi kavu haikufika Kampala hata mwaka 1931. Port Bell, karibu na Luzira, ni mlango uliobaki wa enzi ile. Hapo reli huingia mpaka ukingoni mwa maji, na mabehewa huingizwa katika meli yakiwa na mizigo yake. Meli ya Kaawa huweza kuchukua mabehewa 22, yaani shehena ya malori kama 30. Kabalega, dada yake, ilizama mwezi wa Mei 2005 baada ya kugongana na Kaawa, na usafiri huo ukadhoofika kwa miaka. Mwaka 2019 meli ya Uhuru ya Kenya ilirudishwa kazini, ikavusha mafuta kutoka Kisumu hadi Port Bell. Kwa kila tani inayobebwa, garimoshi na meli huchoma mafuta machache sana kuliko lori. Na kila lori linaloondolewa barabarani ni hatari moja kuwaondokea watoto waendao shule.

Ziwa lenyewe limekwisha kutoa onyo. Mwezi wa Mei 2020, baada ya mvua kubwa, maji yalipanda yakapita kipimo cha mwaka 1964 kilichokuwa kikikumbukwa na wazee. Nyumba na mialo ya wavuvi ilifunikwa, na watu wakahama. Wataalamu waliochunguza walieleza kwamba kuongezeka kwa joto duniani kulifanya jambo hilo liwe rahisi zaidi kutokea. Moshi wa njia ulikwisha kugonga mlango wa bandari.

Mwezi wa Oktoba 2024 Uganda ilitia sahihi mkataba wa kujenga reli mpya ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala, itakayoendeshwa kwa umeme. Umeme wa nchi hii hutoka zaidi katika maporomoko ya Mto Nile, hivyo shehena itakokotwa na maji.

Reli haijengwi kwa siku moja, lakini yapo yasiyongoja reli. Dereva wa kambi azime injini anapongoja, na apime upepo wa matairi kabla ya safari, kwani tairi legevu hula mafuta. Mkuu wa stoo aunganishe maagizo mawili katika gari moja. Familia za lini moja zinunue sukari na sabuni kwa pamoja, na kwanza zitazame kama kitu hicho chatengenezwa Jinja au Tororo kabla ya kutaka kilichovuka bahari. Mfuko ndio utakaoona faida mwanzo. Ziwa litaiona baadaye.