Tukutane kwa Askari

Msomaji wangu, kama uliishi Dar es Salaam enzi zile simu ikiwa kitu cha ofisini na cha wenye nazo, utakuwa unaikumbuka kauli hii: "Saa nane, tukutane Askari." Basi, imetosha. Hakuna aliyeuliza Askari gani. Ni yule wa shaba, aliyesimama pale Samora inapokutana na Maktaba na Azikiwe, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Wachumba wamengojeana pale, wadaiwa wamekimbia wadai wao pale, na wageni wa bara waliopotezana na wenyeji wao wameokotwa pale pale, wamekumbatia mabegi yao kama watoto.

Mimi ni mmoja wa walookotwa. Nilipoletwa mjini mara ya kwanza, niko darasa la tano, marehemu baba aliniambia: "Ukipotea, uliza Askari alipo, ukae hapo usiondoke." Nikapotea kweli! Nikauliza, nikafika, nikakaa. Mzee alipokuja kunichukua jua linazama, tayari nilikuwa nimenunuliwa karanga na mpiga kiwi mmoja ambaye hadi leo simjui jina.

Tangu siku hiyo nikamhesabu Askari kuwa ndugu yangu. Lakini nakiri mbele yako, miaka yote hiyo sikuwahi kuyasoma maandishi yaliyo chini yake. Aliyenifanya niyasome ni shangazi yangu, ambaye yeye mwenyewe hajui kusoma.

Shangazi alikuja kutoka Songea kutibiwa goti. Siku ya tatu, akiwa amepata nafuu, nikamuuliza nimtembeze wapi. Coco Beach? Kivuko cha Kigamboni? Maduka makubwa yenye ngazi zinazopanda zenyewe? Akatikisa kichwa. "Nipeleke kwa yule askari wa shaba."

Nikashangaa. "Shangazi, pale kuna nini cha kuona?"

"Babu yangu alichukuliwa kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Hana kaburi. Nasikia huyo askari ni wa vita hiyo hiyo. Nataka nimwone."

Wee! Mimi nimekaa mjini humu miaka na miaka, bibi kizee wa Songea ndiye ananifundisha sanamu ile ni ya nini.

Basi Jumamosi asubuhi tukapanda mwendokasi, tukashuka Posta ya Zamani, tukajikongoja polepole kwa ajili ya lile goti. Njiani nikajitia mwalimu, maana usiku nilikuwa nimejisomea. Nikamwambia kwamba kabla ya Askari huyu mji ulikuwa na sanamu nyingine. Wajerumani waliizindua mwaka 1909: gavana wao Hermann von Wissmann kasimama juu, na miguuni pake yuko askari Mwafrika anamtazama bwana wake kwa kuinua shingo. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaing'oa. Ikasafirishwa, ikaishia Hamburg, ikasimamishwa pale chuo kikuu mwaka 1922. Huko nako haikupata amani. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikasimamishwa tena, wakaiangusha tena mwaka 1968.

"Na huyu wetu?" akauliza.

Huyu wetu alizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji wa Kiingereza, James Alexander Stevenson. Mkoloni ndiye aliyemweka, hilo sikatai. Lakini mtazame vizuri. Hayuko miguuni pa mtu. Yuko juu, peke yake, na hamtazami bwana yeyote. Mtaa wake umebadilishwa majina, ukaitwa Acacia, ukaitwa Independence, sasa Samora. Yeye hakubanduka. Nadhani ni kwa sababu wananchi walishamchukua akawa wao, kwa kukutana tu chini yake.

Tukavuka barabara, magari yakatusubiri. Shangazi akakaa kimya muda mrefu akimwangalia. Kisha akasema, "Huyu ana bunduki. Babu yangu hakuwa na bunduki. Alikuwa na mzigo kichwani. Yeye yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikainama kwenye maandishi. Yapo kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na aliyeyatunga ni yule mwandishi maarufu wa Kiingereza, Rudyard Kipling. Nikaanza kumsomea yale ya Kiswahili kwa sauti. Nilipofika kwenye neno "wapagazi" akanishika mkono. "Rudia."

Nikarudia. Maandishi yanawataja askari, halafu yanawataja wapagazi waziwazi, kwamba jeshi lisingetembea bila wao.

Na ni kweli, msomaji wangu. Katika vita ile ya 1914 hadi 1918, Waingereza peke yao walikusanya wapagazi wapatao milioni moja katika nchi zetu hizi. Wajerumani nao walikusanya wa kwao. Walikufa maelfu kwa maelfu, na zaidi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Babu yake shangazi alibebea upande gani, ukoo wetu haujui. Nilipomwambia kwamba sanamu ni ya upande wa Waingereza, akanijibu, "Mwanangu, mzigo hauna bendera."

Sasa sikia kilichofuata. Kumbe sauti yangu ilikuwa imewavuta watu. Kijana mpiga kiwi alikuwa amesogea na kiboksi chake, akasema, "Shikamoo bibi. Mimi niko hapa mwaka wa tisa, sijawahi kuyasoma haya." Muuza magazeti naye akaja. Mzee mmoja wa Newala aliyekuwa akipita na mfuko wake wa dawa akasimama: "Na kwetu walichukuliwa. Bibi yangu alikuwa akiwataja." Binti mmoja wa chuo akaomba nisome tena arekodi kwenye simu. Ndani ya dakika kumi tulikuwa watu saba, makabila sijui mangapi, tunazungumza habari za mababu zetu katikati ya honi za magari. Hakuna aliyetuita. Askari ndiye aliyetuita.

Kabla hatujaagana, yule mpiga kiwi akauliza, "Bibi umeshafika Kariakoo? Maana jina lile ndilo lao, hao wapagazi." Kweli kabisa! Kariakoo ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi, waliokuwa na kambi pale. Waswahili wakalikunja jina likawa letu. Tukaenda. Shangazi akasimama mbele ya soko lile lililochorwa na Beda Amuli, na mapaa yake kama miavuli mikubwa, akawatazama wachukuzi wanavyopishana na magunia kichwani. Akasema, "Bado wanabeba." Akacheka, halafu akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Kule Nairobi sanamu yao ya vita ile ina watu watatu, na mpagazi ni mmoja wao. Sisi tuna jina zima la mtaa, lakini mpagazi wa kumwangalia usoni mimi sijamwona. Wakubwa wa jiji, wachongaji tunao, vinyago vyetu vinasifika duniani kote. Mwekeni pale Kariakoo mtu na mzigo wake. Mmoja tu. Na msimzungushie uzio. Wekeni benchi, watu wakae, wangojeane, wanunuliane karanga. Sanamu isiyokaliwa na watu ni chuma tu.

Shangazi amerudi Songea, goti linaendelea vizuri. Juzi kanipigia simu. Amewakusanya watoto wa ukoo akawaambia babu ameandikwa Dar es Salaam. Jina halipo, lakini ameandikwa. Likizo wanataka kuja kumwona, wote kumi na mmoja! Sijui nitawalaza wapi.

Ila wakipotea, najua pa kuwaokotea.