Kambale Bwawani

Nyuma ya nyumba hapa Moshi nina bwawa dogo la perege, linalojazwa na mfereji utokao juu mlimani. Mwaka jana vifaranga vilianza kutoweka: kambale alikuwa ameingia na maji. Nilijaribu ndoana, nikajaribu wavu; akajificha matopeni. Mzee wa kanisa akaniambia, "Mchungaji, toa maji yote." Tukahamishia perege kwenye pipa, tukafungua bwawa. Kambale akaonekana, mnene.

Usiku ule nilikosa usingizi. Miaka sita nimegombana na kaka yangu juu ya mpaka wa kihamba, huku kila Jumapili nikiongoza maungamo ya dhambi madhabahuni. Kulipokucha nilipanda kwake Old Moshi. Wapendwa, hatujamaliza, lakini sasa tunasalimiana.