Upanga wa Babu Katika Soko la Nizwa

Kila familia iliyohama ina kitu kimoja ambacho hakuna anayethubutu kukiuza wala kukitupa. Kwetu ni upanga na jambia la marehemu babu. Vimekaa miaka mingi juu ya kabati la shangazi yangu huko Maskati, vimefungwa ndani ya kanga kuukuu iliyofifia rangi. Hadithi yake tumeisikia sote tangu utotoni: kwamba upanga ule ulikuwa wa vita, na kwamba baba yake babu alipewa kwa mkono wa Sayyid Barghash mwenyewe, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888. Alipewa baada ya vita gani, hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwaka huu ilibidi tuulize. Kaka yangu anaishi Marekani, na binti yake ameingia chuo kikuu. Ada ni mzigo. Siku moja akaona katika simu picha za panga za Kiarabu zilizouzwa mnadani London, na bei zake. Akatuandikia katika kundi la familia: "Ule wa babu si unatosha ada ya mwaka mzima?" Shangazi aliusoma ujumbe na hakujibu. Siku tatu hakumjibu mtu yeyote, hata salamu za asubuhi.

Basi nilipokwenda Omani likizo ya Desemba na kijana wangu wa miaka 14, nilikuwa na kazi moja: kuujua upanga huo ni nini hasa, kabla ndugu hawajagombana juu ya kitu wasichokijua.

Shangazi alikubali kwa sharti kwamba na yeye aje.

Njia ya Nizwa

Kutoka Maskati hadi Nizwa ni kama kilomita 160. Barabara ni nzuri, inapita katikati ya milima ya Hajar, mikavu na ya rangi ya udongo uliochomwa. Tuliondoka baada ya sala ya alfajiri, kwa sababu Ijumaa ndiyo siku ya soko la mifugo na ukichelewa hulikuti. Wauzaji huwazungusha mbuzi wao kwenye duara huku wanunuzi wamekaa na kusimama pembeni; ukimpenda mnyama unamsimamisha mwenyewe, unamshika mgongo, unamtazama meno, kisha mnaanza kupatana. Kijana wangu, aliyezoea nyama ya pakti, alitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Juu ya soko umesimama mnara mnene wa duara wa ngome ya Nizwa, uliojengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi. Ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1698. Nilimwambia kijana wangu: hadithi ya pwani yetu ina kipande chake hapa, kwenye mji huu wa mitende ambao hauna hata bahari.

Dukani

Soko la fedha na silaha liko chini ya ngome. Majambia yametundikwa ukutani kwa safu, mikanda yake imeshonwa nyuzi za fedha. Kwa Waomani jambia, au khanjari kama wanavyoliita, ni vazi la heshima: la harusi, la Idi, la mikutano ya serikali. Limo kwenye bendera ya nchi, limelala juu ya panga mbili zilizopishana, na mwaka 2022 UNESCO iliingiza ufundi wake na mila zake katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika.

Mwenye duka alikuwa mzee wa makamo ya shangazi. Tulimsalimu kwa Kiarabu chetu cha kubabaisha. Akatusikiliza kidogo, kisha akacheka. "Semeni Kiswahili tu, jamani. Mimi nimezaliwa Wete."

Shangazi alikaa kwenye kiti kama mtu aliyefika kwao. Zikaanza habari za Pemba, nani mtoto wa nani, nani kafariki. Kahawa ikaja na halua. Robo saa ilipita kabla upanga haujafunguliwa.

Mzee aliushika kwanza mpini, hakuutazama ubapa. Kijana wangu akamuuliza kwa nini.

"Mwanangu, ubapa husafiri. Mpini ndio unaokaa kwao."

Akatueleza. Zamani majahazi na meli zilileta bapa tupu kutoka Ulaya na India, bila mipini. Nyingi zilifuliwa Solingen, mji wa Ujerumani. Fundi wa Omani, wa Sudani au wa Ethiopia aliufunga ubapa uleule kwa mpini wa kwao. Hivyo alama ya fundi wa Kijerumani kwenye chuma haifanyi upanga kuwa wa Kijerumani. Na alama nayo haiaminiki yenyewe. Iko ya mbwa mwitu anayekimbia, iliyoanzia Passau na Solingen na kusifika sana. Mafundi wa nchi nyingine waliiiga ili kazi yao inunuliwe.

Nikakumbuka jambo nililowahi kulisoma. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Unguja na kuiandikia kitabu, alitoa mwaka 1884 kitabu kingine kuhusu panga. Humo umo upanga wenye mpini wa umbo la herufi H, ukaitwa wa Unguja. Wakusanyaji wa Ulaya waliuita hivyo kwa miaka mingi. Baadaye ikajulikana kuwa ni wa Moroko. Nilipomsimulia mzee, alitikisa kichwa: "Yeye alikuwa na kitabu. Sisi tuna midomo. Wote tunakosea."

Majibu

Mpini wa upanga wetu ni mrefu, mwembamba, hauna kinga ya mkono, umefungwa ngozi. Huo ni mpini wa Kiomani, hapana shaka. Lakini ngozi, alisema, si ya zamani sana, imebadilishwa. Kisha akaushika ubapa kwa mikono miwili na kuukunja taratibu. Ulipinda kama upinde, ukarudi kunyooka. Akautikisa hewani, ukalia, ukatetemeka kama jani la mnazi. Ncha yake ni ya mviringo. Makali hayakuwahi kunolewa.

"Huu si wa vita, bibi," alimwambia shangazi kwa upole. "Huu ni wa razha."

Razha ni mchezo wa panga wa Waomani. Wanaume hujipanga safu mbili, hujibizana mashairi kwa ngoma, na wenye panga huruka, huzitikisa hadi zilie, huzirusha juu zikizunguka na kuzidaka kwa mpini. Wengine hupambana kwa mzaha na ngao ndogo za ngozi. Upanga wa mchezo huo sharti uwe mwepesi na wenye kupinda. Makali yana kazi gani pale, ila kumkata jirani yako?

Nilimtazama shangazi. Nilitarajia atakasirika. Alikuwa akitabasamu na kitambaa kiko mdomoni.

"Baba alikuwa akiurusha," alisema. "Harusi ya dada yangu aliurusha juu kuliko mnazi. Mama alifumba macho."

"Sasa ya Sayyid Barghash yametoka wapi?"

"Yametoka kwenu. Nyinyi watoto mlitaka vita, babu yenu akawapa vita."

Jambia

Jambia lilikuwa jambo jingine. Ala yake ina fedha nzito, na mzee alisema yumkini fedha hiyo iliyeyushwa kutoka reale za Maria Theresa, sarafu zilizotembea Unguja na Omani kote. Akamwonya kijana wangu: reale hizo zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa miaka mia na zaidi baadaye. Tarehe iliyoandikwa kwenye kitu si lazima iwe tarehe ya kitu.

Kisha akauwasha mwanga wa simu nyuma ya mpini. Ukingo wake ukang'aa rangi ya asali, na ndani zikaonekana nyuzi nyembamba kama nywele. Pembe ya kifaru. Zamani pembe hizo zilitoka Afrika Mashariki kwa majahazi, na huenda hii ilipita Unguja kabla ya babu kuzaliwa. Leo biashara ya pembe za kifaru kati ya nchi na nchi imekatazwa na mkataba wa kimataifa. Bila vibali, jambia hili haliingii Marekani wala Uingereza, na forodha hawatasikiliza hadithi ya babu.

Kwa hiyo jambia linabaki Omani. Shangazi ameshasema litavaliwa na mjukuu wake siku ya harusi, na hapo ndipo mahali pake.

Kwa wenye vitu kama hivi

Mkiwa na silaha ya kale nyumbani, msiisugue kwa msasa wala kuing'arisha. Kutu ya juu ipanguseni kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo, muishie hapo. Alama za fundi hufutika kwa siku moja. Pigeni picha za mpini, ubapa pande zote mbili, na ala. Andikeni hadithi yake, na jina la aliyeisimulia. Kabla ya kusafiri nayo, ulizeni shirika la ndege na forodha kwa maandishi; kamwe isiingie kwenye mkoba wa mkononi. Uingereza, tangu 2008, imezuia panga zilizopinda zenye ubapa wa sentimita 50 na zaidi. Za zaidi ya miaka 100 zimesamehewa, lakini kuthibitisha umri ni juu yako. Na mkiwa Maskati na watoto, Makumbusho ya Taifa iliyofunguliwa 2016 ina ukumbi mzima wa silaha. Watazame mipini kwanza.

Jioni ile nilimpigia kaka yangu simu. Nilimweleza yote: si wa vita, si wa Sayyid, ngozi mpya, bei yake haifiki hata nusu ya alizoziona. Alinyamaza. Ada bado ilikuwa ada. Kisha akauliza, "Kwa hiyo babu alikuwa anacheza?"

"Alikuwa anacheza."

"Mimi nilimjua amekaa tu kitini."

Wiki iliyofuata tulikubaliana ndugu wanne kuchangia ada ya mtoto kila mwezi, kila mtu kwa uwezo wake. Shangazi alikuwa wa kwanza kutuma. Upanga umerudi juu ya kabati, ila sasa haumo ndani ya kanga. Kijana wangu aliomba uachwe wazi, na kila siku hadi tulipoondoka aliushusha, akautikisa mara moja ulie, akaurudisha.