Vidonge Vilivyofichwa Mganga

Mwaka uliopita tulifiwa na mama yetu, na mdogo wetu anayekaa Brussels alirudi Lubumbashi kwa matanga. Aliposhuka katika motokari wazee walimsifu: kifua kama mlango, mikono kama magogo. Nasi tulimsifu, twakiri. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na kila asubuhi aliamka akiumwa kichwa.

Tulilala chumba kimoja. Usiku mmoja, tukitafuta shuka katika sanduku lake, tuliona chupa ya vidonge imefichwa ndani ya soksi. «Yaya,» alisema, «mganga wangu hana habari ya hivyo. Tafadhali, neno hili libaki kati yetu.»

Yafaa tueleze. Katika ujana wake mdogo wetu alijidunga dawa za kukuza misuli, ziitwazo steroidi. Hizo ni ndugu za testosteroni, homoni ya kiume ambayo korodani huitengeneza kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hiyo, ikiona homoni tele imeingia kutoka nje, hunyamaza. Korodani husinyaa, na mbegu za uzazi hupungua, pengine hukoma kabisa. Wengi wakiacha dawa hurudia hali yao baada ya miezi mingi, wengine baada ya zaidi ya mwaka. Yeye alichoka kungoja.

Mganga wa huko alimpima damu asubuhi, mara mbili, akaona upungufu wa kweli. Akaanza kumpa sindano ya testosteroni, miligramu 250 kila majuma matatu, si ili awe shujaa, bali apate kiasi alicho nacho mwanamume yeyote mzima. Tena, kwa kuwa homoni hiyo huongeza chembe nyekundu za damu, alimpima mara kwa mara: zikipita asilimia 54 ya damu yote, sindano husimamishwa, maana damu nzito huweza kuganda mishipani.

Hapo ndipo vidonge vilipomharibia mganga hesabu. Testosteroni ilionekana sawa, kwa sababu kipimo chake hakikuundwa kuhesabu vidonge vile. Lakini damu ilikuwa nzito, na ini lilionyesha alama za kuumia. Mganga akatafuta ugonjwa wa ini usiokuwapo. Akauliza kama mgonjwa hukoroma na kukatika pumzi usingizini. Akapunguza sindano, naye mdogo wetu, alipoona sindano imepunguzwa, akaongeza vidonge. Mmoja alikumba maji mtumbwini, mwenziwe akitoboa.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1958 kampuni ya Ciba ilitoa vidonge vya Dianabol huko Marekani, na mganga John Ziegler akawapa wainua vyuma wa York, Pennsylvania, kwa kiasi kidogo. Wao wakaona kwamba kama kimoja chafaa, vingi vyafaa zaidi, wakavimeza bila kumwambia. Ziegler alijuta baadaye. Vidonge vya ndani ya soksi vilikuwa dawa ile ile, ingawa chupa ilikuwa na jina jingine.

Nasi tulinyamaza. Tulijiambia kwamba siri ya ndugu ni siri, na kwamba mwalimu wa Lubumbashi hana la kumfundisha mganga wa Ulaya. Miezi minne ikapita hivyo. Katika mwezi wa tano mkewe alitupigia simu usiku wa manane: mguu wa mumewe umevimba, damu imeganda, amelazwa hospitalini.

«Shemeji,» alisema, «waganga wanauliza anatumia nini, nami nimewajibu sindano tu. Je, kuna kitu kingine?»

Tukamtajia jina la dawa, herufi kwa herufi, naye akaliandika.

Mdogo wetu alikataa kusema nasi kwa majuma mawili. Kisha akatuandikia. Vidonge ameviacha, na sindano imesimamishwa. Anameza dawa ya kuzuia damu isigande, tena amechoka, hana nguvu hata ya kupanda ngazi za nyumba yake. Akaongeza kwamba mganga hakumkaripia. Alimwuliza tu tangu lini na vingapi kwa siku, akachukua karatasi mpya, akaanza kuandika tangu mwanzo.